Tao la Mfalme Nyuma ya Nyumba Hounslow

Mimi ni mtu wa diploma, tena diploma ya ujenzi ya London, na sioni haya kuanza na hilo. Niliisomea jioni baada ya shifti za ghala huko Edmonton, na hakuna mjomba wala mfadhili aliyenishika mkono. Leo nyumba nilizojenga Tanga zinajulikana kwa matao ya baraza zake. Watu husimamisha pikipiki kuyapiga picha. Wakiniuliza nilijifunzia wapi, hutarajia nitaje chuo. Chuo kilinipa cheti. Tao nilifundishwa na mtu aliyekufa zamani, enzi za wafalme wa Kimughali wa Bara Hindi, na darasa lilikuwa uwanja wa saruji nyuma ya nyumba moja Hounslow, magharibi mwa London.

Nyumba hiyo ilikuwa ya mwalimu wa hesabu mstaafu, mama wa Kihindi mzaliwa wa Tanga, mjane. Nilihamia kwake nilipopata kazi ya kuchora ramani kwa mkandarasi wa upande ule. Alinipangisha chumba kwa sharti kwamba ndani ya nyumba tuzungumze Kiswahili, kwa sababu wajukuu wake aliwasemesha kwa Kiswahili nao wakamjibu kwa Kiingereza, naye alikuwa amechoka kuzungumza peke yake. Mimi nilimwita Mwalimu. Yeye, tangu siku nilipotundika diploma yangu sebuleni kwake bila kuomba ruhusa, aliniita Bwana Diploma.

Alikuwa amejifunza Kiajemi uzeeni kwa ajili ya kitabu kimoja tu. Kiajemi ndicho kilichokuwa lugha ya makao ya wafalme wale, na kitabu chenyewe kiliandikwa na mhandisi wao: mtu aliyewajengea majumba na makaburi, na wakati huohuo akaandika juu ya namba, vipeuo vyake, maeneo, na vipimo vya kuba. Mwalimu alikuwa na nakala ya picha za kurasa zote, na alikuwa akikifasiri. Alimzungumzia mhandisi huyo kama watu wanavyomzungumzia mkwe aliyesoma.

"Asubuhi anapandisha kuba, jioni anatafuta kipeuo cha namba," aliniambia. "Tena mfalme anamngoja. Wewe ukingojwa na mkandarasi tu, unapoteza rula."

Kazi ilikwenda vizuri hadi akafika kwenye ukurasa wa mlango. Hapo mhandisi alitoa kanuni ya tao la mlango wa chumba cha mfalme. Alitaja upana wa mlango, akataja urefu wa kamba ya kuzungushia, kama bikari, upande wa kulia na wa kushoto, kisha akataja kimo cha kilele, pale pande mbili zinapokutana. Mwalimu alipiga hesabu, na kilele hakikufika kwenye kimo kilichoandikwa. Kilipungua kidogo, vidole viwili kasoro. Lakini hesabu haina kidogo.

Mdogo wake wa kiume, mfamasia mstaafu, ndiye aliyekuwa akichapa tafsiri hiyo kwenye kompyuta. Kila Jumapili alikuja kuchukua kurasa mpya na kula pilau. Alipoelezwa tatizo, alicheka.

"Utoe huo ukurasa, dada. Mzee wa watu alisinzia."

"Hakusinzia."

"Hata mimi nilikuwa nikisinzia, na mimi nilikuwa napima dawa za watu."

"Ndiyo maana dawa zangu nilinunua kwingine."

Alipoondoka, Mwalimu hakuendelea na mzaha. Aliketi akiushika ukurasa kwa ncha za vidole.

"Unajua nimefasiri vipi kitabu hiki?" aliniuliza. "Kila nilipokwama, nilisema kosa ni langu. Nikarudi nyuma, nikatazama tena, na kila mara kosa lilikuwa langu. Sasa kama hapa kosa ni lake, kwingine kote nimwamini kwa lipi? Jumapili ijayo nisipopata jibu, nafunga. Si ukurasa. Kitabu."

Nilimwambia asihangaike, nyumba hii ina mtu wa diploma. Wiki ile, mchana wa mapumziko, nilichora tao lile kwenye kompyuta ya ofisini, mistari safi, vipimo hadi milimita. Kilele kilipungua vilevile, vidole viwili kasoro. Nilimletea karatasi. Aliitazama, akanirudishia.

"Hongera. Umekosea kwa ustadi zaidi yangu."

Lakini jambo lile lilimkaa moyoni, kwa sababu Jumapili yenyewe asubuhi alinigongea mlango akiwa amevaa koti na ameshika fimbo yake ya kutembelea. "Mhandisi hakuwa na kompyuta," alisema. "Mafundi wao walichora sakafuni, ukubwa wenyewe, ndipo wakajenga. Lete kamba."

Nyuma ya nyumba palikuwa na uwanja wa saruji. Niliufagia, nikachukua chaki na kamba ya kuanikia nguo. Saruji haipigwi kigingi, kwa hiyo Mwalimu aliketi kwenye kiti, akakandamiza ncha ya fimbo yake mahali pa kitovu cha duara, mimi nikafunga kamba kwenye fimbo na kuizungusha nikiwa nimeinama. Ndege zilishuka juu yetu kuelekea kiwanja cha ndege, moja baada ya nyingine, naye hakuinua macho. Tulipomaliza upande wa kushoto, nilimhamisha na kiti chake, tukachora wa kulia.

Nilisimama kunyoosha mgongo, nikautazama mchoro. Nimeona majengo marefu London, nimepanda lifti hadi juu na kutazama mto. Sikuwahi kuona kitu kama mistari ile miwili ya chaki. Ilipanda taratibu kama mikono inayoinuliwa kuomba, ikakutana bila kugombana. Hapakuwa na tofali hata moja, na bado niliona aibu kusimama ndani yake na kandambili.

"Pima," alisema Mwalimu.

Nilipima. Vidole viwili kasoro.

Nilizungukazunguka nikitafuta la kumwambia, na kwa kuwa sikupata, nilisema neno la kawaida tu, kwamba mchoro ni mzuri hata hivyo.

"Sikutaka mzuri," alijibu. Kisha, kama anayemgombeza mtu aliye mbali: "Na kwa nini anaanza na upana? Kila mahali pengine anaanza na kamba. Hapa tu anaanza na upana."

"Upana si wake," nilisema. "Upana hutajwa na mwenye nyumba. Mfalme hasemi habari za kamba. Anasema nataka mlango upana huu, niingie na watu wangu."

Mwalimu aliinua uso. Baba yake alikuwa na karakana ya milango Tanga, na yeye utotoni alikuwa akikaa kaunta. "Mteja akija na upana," alisema polepole, "kabla hatujaandika jina lake, baba alikuwa anamuuliza swali moja."

Swali hilo nilijua. Hakuna mtu aliyejenga Tanga asiyelijua. Fundi mwashi huacha tundu la mlango likiwa tofali tupu. Lipu ikipigwa, tundu linapungua. Seremala akileta fremu, fremu inagoma, na hapo ndipo matusi huanza. Tulilisema pamoja, yeye kwenye kiti na mimi nikiwa na chaki mkononi:

"Kabla ya lipu au baada ya lipu?"

Upana ulikuwa wa mfalme, baada ya kila kitu kupakwa na kubandikwa. Kamba na kimo vilikuwa vya mwashi, kwenye tofali tupu. Sisi tulikuwa tumeanzisha kamba za mwashi kwenye upana wa mfalme.

Mwalimu alidai karatasi. Aligeuza hesabu, akaanzia kwenye kimo na kushuka hadi upana wa tofali tupu, akautoa upana wa mfalme, akagawa mara mbili kwa pande mbili za mlango. Namba zake zilikuwa wima. Nilichungulia begani kwake nikitarajia sehemu za sehemu, takataka za namba. Vilitoka vidole vitatu. Vitatu kamili, kila upande: unene wa chokaa na bamba la marumaru juu yake.

Mhandisi hakuandika popote unene wa pambo la ukuta wake. Hakuona haja. Kwa sentensi moja alikuwa amezungumza na watu wawili, mfalme na mwashi, kila mmoja kwa kipimo chake, na katikati yao akaacha nafasi ya vidole vitatu ambayo sisi, katika nchi asiyoijua, tuliweza kutia mkono na kuigusa. Nina diploma, na nimejenga sana tangu siku ile. Sijawahi kuandika sentensi kama hiyo.

"Kosa lilikuwa langu," alisema Mwalimu, na sijapata kumwona mtu akifurahi hivyo kwa kukosea.

Tulirekebisha mchoro. Nilipanua tundu vidole vitatu huku na huku, nikavuta kamba upya, na kilele kikakaa pale alipokiweka mhandisi mwenyewe.

Mdogo wake alifika kupitia mlango wa pembeni, mkoba wa kompyuta begani. Alitukuta uwanjani, suruali yangu nyeupe kwa chaki kuanzia magotini. Aliuliza kama tumeamua kuhusu ule ukurasa, na huku anauliza akaanza kukatisha kuelekea jikoni.

"Unakanyaga ukuta," Mwalimu alimwambia.

Alitazama chini. Alirudisha mguu.

"Nipite wapi sasa, dada?"

"Kuna mlango."

Alizunguka hadi chini ya mchoro, akaingia kwa upana wa mfalme na kupanda katikati ya mistari miwili. Nadhani alianza kwa mzaha, kwa maana alikuwa akitabasamu. Lakini alipokaribia kilele tabasamu liliondoka, na mtu mzima yule, juu ya saruji tupu, akainamisha kichwa ili apite. Mwalimu alimngoja upande wa pili akiwa amemshikia ukurasa wa mlango, na chini yake ukurasa unaofuata, ambao yeye mwenyewe alikuwa bado hajaanza kuufasiri.