Siku Baba Alipofundisha Kuvumwani

Harufu ya matofali yaliyoloa mvua ya alasiri hunirudisha mtaa wa Bellevue, kwenye nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba, kila chumba na familia yake. Nyuma ya bafu la nje palikuwa na ukuta usioona jua, na msimu wa mvua ulifunikwa na kuvumwani, ule mmea mfupi wa kijani, laini kama zulia. Nilikuwa na miaka kumi. Mwalimu wetu wa sayansi alimtaka kila mtoto alete mmea pamoja na mbegu yake. Wenzangu walileta maharage na mahindi. Mimi nilibandua kipande cha kuvumwani, nikakipekua weee, mbegu sikuiona. Mwalimu alidhani nafanya mzaha, akanipa sifuri.

Baba alikuwa mwalimu wa biolojia Bukavu kabla hatujahamia nchi hii. Hapa alikuwa mlinzi wa jengo moja mtaa wa Doornfontein. Aliposikia habari ile hakufoka. Kesho yake alitoka kazini akaja shuleni moja kwa moja, na sare yake ya ulinzi. Nilitamani ardhi inimeze. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, kwa hiyo aliomba aseme Kiswahili, mimi nitafsiri. Mimi niliyekuwa nikificha lugha hiyo shuleni kama nguo iliyochanika.

“Waambie hii haina mbegu, mama,” aliniambia mimi bintiye, akigusa vijiti vyembamba vilivyobeba vikopo vidogo. “Vikopo hivi humwaga vumbi. Chembe ikitua penye unyevu, inaota mmea wa kijani. Huko ndiko yai hukaa, na seli ya kiume huogelea kwenye tone la maji mpaka ilifikie. Hapo ndipo kijiti kipya huchomoza.”

“Na mvua isiponyesha?” aliuliza Nomsa, jirani yangu wa dawati.

“Inangoja.” Kisha akapasua punje ya mahindi iliyolowekwa. “Hindi halingoji maji. Chavua yake hupeperushwa na upepo. Na humu ndani mna mche mchanga, chakula chake, na ganda la kuukinga.”

Mwalimu alifuta ile sifuri, akampa Baba mkono na kumwita “mwalimu mwenzangu.” Niliitafsiri sentensi hiyo kwa sauti kubwa kuliko zote.

Sasa nafundisha biolojia Randburg, na darasani kwangu kuna hadubini. Mwezi uliopita nilimleta Baba, nikamwekea tone la maji ya kuvumwani. Aliinama, akatazama kwa muda mrefu zile seli za kiume, nyembamba kama nyuzi, zikiogelea, jambo alilolifundisha miaka mingi kutoka kitabuni tu.

“Kumbe ni kweli,” alisema, na hakutaka kuinuka.