Ng'ombe Hawakuwepo Mkutanoni

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja ya ardhi huku Magu, nyuma ya mzee aliyeshika kofia yake kwa mikono miwili. Ng'ombe wake walikuwa wamekamatwa. Tangu kijiji chao kihamishiwe kando ya barabara, pamba ya ujamaa imelimwa juu ya njia ya kwenda ziwani kunywa maji, nao kila wakifunguliwa zizini hupita humo humo.

"Shikamoo, mzee. Njia ipi hiyo?" aliuliza karani.

"Marahaba, mwanangu. Ile ya katikati ya nyua za minyaa. Hata babu yangu aliikuta."

Karani alikunjua ramani ya kijiji kipya, akapitisha rula polepole kutoka barabarani hadi ziwani. "Haipo."

"Imelimwa. Mimi nilihama kwa sababu niliambiwa. Ng'ombe hawakuwepo mkutanoni."

Tuliokuwa nyuma tulicheka. Mzee hakucheka. Aliambiwa awazungushe ng'ombe kwa barabara mpya, mwendo wa nusu siku, ilhali ziwa analiona akiwa mlangoni kwake. Akavaa kofia, akaondoka bila kuaga, na kwa Msukuma wa umri wake hilo si jambo dogo.

Saa tisa na nusu ofisi ilifungwa. Karani hakuzunguka hadi getini. Alikata bustanini, kwa kijia kilichochimbika kwa viatu vya wafanyakazi wa ofisi hiyo, akapita kando ya kibao kinachosema "Usikanyage majani". Hakuna aliyemkamata.