Kinyongo cha Shafti

Usiku ule sikulala. Mume wangu, Florian, alikwenda Murangi na boti kuchukua samaki, hakurudi. Kila mbwa alipobweka nilitoka na kibatari. Asubuhi akafika akivutwa na mtumbwi wa makasia, mzima, amenuna, ameshika vipande viwili vya chuma.

"Shafti imekatika," akasema.

Bila boti tungerudi Bugwema kulima mihogo chini ya mama mkwe. Nikamwambia twende kwa fundi Kudura, maana fimbo ile ya kuzungusha propela ilitoka kwake.

Miaka ile ya maduka matupu, Kudura alitoa chuma hicho kisichoota kutu kwenye mashine iliyokufa. Kilikuwa kimepinda, akakinyoosha. Mwingine angeishia hapo. Yeye alisema chuma kilichonyooshwa kwa nguvu hubaki na kinyongo: nje kimetulia, ndani kinajivuta, na kila kikizunguka kinazidi kuchoka, mpaka ufa mdogo unazaliwa kwenye ngozi yake. Kwa hiyo aliigonga ngozi yote kwa nyundo ya kichwa cha duara, taratibu, ibanwe, ufa ukose pa kufungukia.

Ndivyo alivyo Kudura, kila kitu anagonga. Mkewe, Mwanaamina, anasema kikombe cha bati hakilali nyumbani kwao bila kugongwa. Majirani husinzia akienda msikitini.

Tulimkuta nje ya karakana. Akakigeuzageuza kipande juani, akapitisha ukucha.

"Wewe mura, kijana wewe, vishimo vyangu viko wapi?"

"Vishimo gani?"

"Vya nyundo! Nilivijaza mwili mzima."

Florian akatazama kuku. "Ilikuwaga kama ina tetekuwanga, fundi. Wenzangu mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, walinicheka. Nikaipiga tupa ing'ae."

"Ikang'aa?"

"Sana!"

"Umeichuna ngozi niliyoibana, ukakiachia kinyongo njia. Basi kaitundike sebuleni, wageni waione."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Florian akabisha. "Fundi, nisamehe."

"Sisikii, nagonga." Na kweli akaanza kugonga.

"Nitengenezee nyingine!"

"Ili uipake hina?"

Nikamsogeza mume wangu pembeni. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeiona mihogo.

"Shemeji Kudura," nikaita, "mimi Mama Ursula. Hataigusa tena."

Nyundo ikanyamaza. "Utamzuiaje, shemeji? Huyo anapenda kung'aa. Tazama viatu vyake."

Nikavitazama. Mtu aliyelala ziwani, na viatu vimepakwa rangi!

"Nitamnyang'anya tupa."

Mlango ukafunguka kidogo, upana wa kiganja. Kiganja chenyewe kikatoka, cheusi kwa grisi.

"Ilete, ndiyo tuongee."

Florian akaguna kwamba iko nyumbani, mbali, labda kesho. Nikafungua fundo la kanga kiunoni, nikaitoa tupa niliyoibeba tangu nyumbani, maana nilishamwona akiing'arisha shafti, nikaiweka kwenye kile kiganja.

"Mama Ursula!" Florian akashangaa.

Kiganja kikaingia ndani. Tukasikia tupa ikitupwa kwenye debe, kisha mlango ukafunguka wote.