Maongezi ya Juu ya Bati

Baba Mkubwa ni fundi viatu, na misumari yake midogo huiweka mdomoni. Ukimsalimia anatikisa kichwa. Ukimuuliza kiatu kitakuwa tayari lini, ananyoosha kidole kule jua linakozama, maana yake jioni. Akifunga kazi misumari inarudi koponi, lakini mdomo unabaki umefungwa vilevile. Mke wake, Mama Mkubwa, ana maneno ya kujaza debe. Mimi ni mtoto wa mdogo wake, nimekaa nao tangu nianze kazi ya saluni, na mpaka leo nashangaa walipatanaje.

Mahali pekee alipokuwa anaongea ni juu ya bati. Enzi za antena ya zamani, runinga yetu ilijaa chenga karibu kila jioni, na msomaji wa habari alikuwa na vichwa viwili. Baba Mkubwa anapanda ngazi, anashika mlingoti, Mama Mkubwa anasimama dirishani kando ya runinga.

"Vipi sasa?"

"Bado! Zungusha huku kwangu!"

"Kwako wapi, na mimi niko juu?"

"Hapo hapo! Usiguse! Aa, umeshaharibu!"

Huku anazungusha, anasimulia anayoyaona. Fundi cherehani wa jirani kaanua nguo zote, shuka kaisahau. Mwenye duka kanunua baiskeli na anaiogopa. Mama Mkubwa anacheka mpaka anajishika mbavu. Habari zinaisha hatujaziona, wala hakuna anayelalamika.

Ikaja siku ya kuhamia dijitali. Mitambo ya zamani ikazimwa, tukanunua king'amuzi, na fundi akafunga antena mpya kwenye mlingoti uleule. "Mzee, hii hutaigusa tena," akasema kwa fahari. Picha ikawa safi ajabu. Ndipo tulipojua kwamba msomaji wa habari ana kipara. Baba Mkubwa akakaa kitini na rimoti yake, kimya, jioni baada ya jioni. Akiambiwa jambo anatikisa kichwa, utadhani misumari bado imo.

"Zile chenga zimeondoka na mume wangu," Mama Mkubwa aliniambia jikoni. Hakucheka, nami nilimwonea huruma kwelikweli.

Kisha jioni moja picha ikaganda, skrini ikaandika hakuna mawimbi. Baba Mkubwa akaifuata ngazi karibu akimbie. "Vipi sasa?" "Bado!" Kicheko kikarudi nyumbani. Basi ikawa kila wiki mawimbi yanapotea, king'amuzi kipya kabisa, nikaanza kuingiwa na shaka.

Siku moja nikatoka jikoni ghafla. Mama Mkubwa alikuwa amesimama dirishani pake, waya wa antena kauchomoa, kaushika kiganjani.

"Funga mdomo wako," akaninong'oneza, halafu akapaza sauti: "Bado, mzee wangu! Zungusha kidogo!"

Nikatoka nje nikiwa na hasira kidogo. Mzee wa watu anahangaishwa bure juu ya bati, na magoti yenyewe yale! Nilipoinua macho nikamwona kajikalia zake, miguu kaikunja, mikono yote miwili iko magotini. Mlingoti hata hajausogelea.

"Nazungusha!" akajibu. Akaniona, akaweka kidole mdomoni. "Eti mama, unajua mwenye duka kaanguka tena na ile baiskeli?"