Jivu kwenye Unyayo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika sekondari moja ya Masasi, Mkuu wa Shule alinikabidhi chaki, rejista ya darasa na glavu kubwa ya ngozi iliyotoka kwenye robota la mitumba. Biashara ilikuwa imeachwa huria, marobota ya nje yakileta kila kitu. Mwalimu mgeni wa kujitolea alisema glavu ni ya softiboli, mpira unaopigwa kwa gongo. Akatufundisha mchezo, akaondoka, nami nikabaki mwamuzi kwa sababu sikujua kukataa.

Sheria iliyonisumbua ni ya kudaka pembeni, penye mstari unaotenga uwanja na watazamaji. Mstari wenyewe ni sehemu ya uwanja. Mdakaji akiukanyaga, amedaka kihalali na mpigaji ametoka. Mguu ukishagusa ng'ambo yake kabla hajadaka, kazi bure. Akidaka ndani kisha akavuka na mpira, mpigaji ametoka vilevile, ila wakimbiaji husogezwa kituo kimoja mbele. Niliyakariri hayo kama sala.

Nilikuwa nimehamia shule ya Chiwata wakati Afisa Michezo wa mkoa aliponituma Kitangari kuchezesha fainali. Wasichana wa Kitangari walikutana na wa Masasi, mshindi aende Mtwara. Masasi tulizoea kuchora mistari kwa chokaa ya maji. Kitangari maji yalifuatwa bondeni kwa ndoo, kwa hiyo walichora kwa jivu la jikoni, na upepo ukalipeperusha.

Kitangari waliongoza kwa mkimbio mmoja, yaani pointi moja, wakabakiza mtu mmoja wa kumtoa ili washinde. Mpira ukaruka pembeni. Somoe, mdakaji wao, akaukimbilia pekupeku na kuudaka. Nikasema amedakia nje ya mstari, haihesabiwi. Hakubisha. Alisimama kwa mguu mmoja, akanielekezea unyayo wa pili.

"Shusha mguu, binti. Mimi si wa kuonyeshwa unyayo."

"Samahani, mwalimu. Tazama tu."

Sikutazama. Mpigaji wa Masasi akapiga tena, wakimbiaji wawili wakafika kituo cha mwisho, Masasi wakashinda.

Baada ya mchezo Afisa Michezo, mwenyeji wa huko, aliniuliza kama niliutazama ule unyayo. Nikamjibu kwamba ulikuwa utovu wa adabu.

"Huku wakibishania mstari wanaonyeshana nyayo," akasema. "Mwenye jivu aliukanyaga."

Niliona aibu, na bado naiona. Sasa nimestaafu, na waamuzi vijana wakiniuliza sheria ya pembeni nawaambia wainame kwanza.

Jioni ile nilimfuata Somoe. Alikuwa ameketi palepale pembeni, kandambili mkononi, hajazivaa, jivu lingali kisiginoni. Alikuwa akinisubiri nitazame.