Goti la Salamu

Nyumbani kwa Magese, kijijini Nkoma, mtoto wa kike hakumwamkia mkubwa akiwa amesimama. Unapiga magoti, unainamisha kichwa, unasubiri uitikiwe, ndipo unainuka. Heshima si utumwa, na Evalina hakuwahi kuona shida. Tena kwake ilikuwa nafuu. Akiwa na miaka kumi na tano alikwishampita baba yake kimo, na wazee walimwona uso vizuri alipokuwa chini tu. Akisimama, ilibidi wakunje shingo kama watu wanaotazama mvua itatoka upande gani.

Urefu huo ndio uliomwingiza kwenye mpira wa kikapu. Siku ya kujiandikisha chuoni Mwanza, alikokwenda kusomea ualimu, kocha Salvatory alimwona akiinama ili apite mlangoni, akamfuata hapo hapo kumwuliza kama amewahi kucheza. Hakuwahi hata kuugusa mpira wenyewe. Kufikia mwaka wa pili timu ilikuwa haitoki bila yeye.

Januari, mazoezini, aliruka kudaka mpira akatua kwa mguu mmoja. Goti la kulia likalia kama ukuni mkavu unaovunjwa. Kano ya ndani ilikuwa imekatika. Februari akapasuliwa huko huko Mwanza, akawekewa kano nyingine iliyochunwa kwenye paja lake mwenyewe, jambo ambalo mama yake, Dorkasi, alilisimulia Nkoma nzima, na wapo ambao mpaka leo hawajalisadiki. Evalina akaahirisha masomo akarudi nyumbani kupona. Daktari alikuwa amemwambia miezi tisa, na ligi ya vyuo ilikuwa inaanza Novemba. Alihesabu kwa vidole, ikatosha kabisa. Novemba hiyo ndiyo ingekuwa ligi yake ya mwisho, maana baada yake alikuwa anamaliza chuo. Akiikosa, basi kikapu kwake kilikuwa kimeishia Januari, pale chini alipoanguka.

Wageni walikuja kwa makundi kumpa pole, huyu na kuku, yule na mchele, mwingine na maziwa ya mgando. Evalina aliwaamkia akiwa kwenye kiti, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, magongo pembeni. Wiki ya kwanza walimwelewa. Kufikia wiki ya tatu yakaanza maneno, kwamba binti wa Magese chuo kimemnyoosha mpaka magoti.

Magese alikuwa mkulima wa pamba, mtu wa maneno machache, na hakuna kilichomnyima raha kama kusemwa. Jioni moja alimwambia, "Kesho anakuja kaka."

Evalina alijua maana yake. Mzee Ndaki wa Migato ndiye aliyemlea Magese baada ya baba yao kufariki. Kila walichokuwa nacho, Magese alikianza kwa mkono wa Ndaki.

"Yule si mtu wa kuamkiwa umekaa kwenye kiti," baba akaendelea.

"Baba, hospitali wamekataza. Kidonda bado."

"Si goti moja tu? La kushoto si zima?"

Angeweza kukataa. Lakini mtu aliyelelewa kwa magoti hajifunzi kukataa kwa wiki tatu.

Asubuhi Mzee Ndaki akaingia, akakalishwa. Evalina akashikilia gongo, akashuka polepole juu ya goti la kushoto, la kulia kalinyoosha pembeni, akatoa salamu ya asubuhi kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mwanangu. Mhola?"

"Mhola."

Kama ingeishia hapo, kusingekuwa na kisa. Lakini Mzee Ndaki alikuwa mtu wa salamu za kweli. Akauliza za mguu. Akauliza za mama. Akauliza za mvua, za palizi, za mahindi, za chuo, za huko Mwanza na watu wake. Akauliza za ng'ombe. Evalina aliitikia moja moja huku paja la kushoto likitetemeka na jasho likimshuka mgongoni. Mzee alikuwa anarudia za ng'ombe, maana mmoja alikuwa amemsahau, gongo lilipoteleza sakafuni. Evalina akaangukia goti la kulia lote. Bandeji ikawa nyekundu.

"Pole, mwanangu, pole!" Mzee Ndaki aliinuka ameshtuka. Hakujua kwamba palikuwa na katazo lolote. Alidhani ameona tu mtoto akiteleza.

Siku hiyo hiyo Magese alikodi bodaboda mbili, wakaenda Bariadi, wakipita mtaa wa Somanda hadi hospitalini. Anatoli, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akimhudumia, alifungua bandeji. Mshono ulikuwa umefumuka.

"Nini kimetokea?"

Baba alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, kofia mapajani. Evalina hakumtazama.

"Niliteleza bafuni," akasema.

Akasikia baba akikohoa. Akangoja. Alingoja Anatoli akisafisha kidonda, akangoja Anatoli akiandika kwenye faili, na baba hakusema kitu. Evalina aliumia hapo kuliko alivyoumia sakafuni. Aliusema uongo ule kwa ajili yake, na yeye aliupokea tu kama mtu anayepokea maji ya kunywa.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Kidonda kikaingia usaha, goti likavimba, mazoezi yakasimama wiki tano. Alipomwuliza Anatoli kuhusu Novemba, kijana wa watu hakumdanganya. "Siwezi kukuahidi. Goti halijui ligi inaanza lini."

Kuanzia hapo Evalina alimwamkia baba yake kwa neno moja, akamjibu kwa neno moja. Alikuwa na hasira na hakuificha. Dorkasi alijaribu kuwapatanisha kwa uji na kwa mzaha, akachoka. Magese naye hakuomba msamaha. Wanaume wa umri wake, neno hilo hulitafuta kama sindano kwenye pamba.

Ila asubuhi moja mwezi wa nne, wiki ile Anatoli aliporuhusu mazoezi yaanze upya, Evalina alikuta kando ya kiti chake vifuko viwili vya ngozi vilivyojazwa mchanga, vyenye kamba za kufungia kwenye kifundo cha mguu. Hakuna aliyesema vimetoka wapi. Mshono ulikuwa ule ule wa kamba za nira ya ng'ombe, na mshonaji wa nira pale nyumbani alikuwa mmoja. Akavifunga, akaanza kuinua mguu, kumi, kumi tena, huku akilia.

Halafu akaona jambo jingine. Kila mgeni alipotokea njiani, baba aliacha kazi yake akaenda kumpokea uani. Akamwuliza za nyumbani, za watoto, za pamba, za ng'ombe hadi ndama, yeye mvivu wa maneno, akaziburuta mpaka mgeni mwenyewe akachoka. Mgeni alipoingia ndani alikuwa hana salamu iliyobaki ya kupigiwa goti. Watu wakasema Magese kazeeka, siku hizi anaropoka. Hakujali.

Juni Evalina aliweza kutembea kati ya mistari ya pamba akichuma. Agosti akakimbia mpaka kisimani na kurudi. Katikati ya Oktoba Anatoli alimwambia aruke kwa mguu mmoja mmoja, akapima, akapima tena. Mguu wa kulia ulikuwa umeukaribia wa kushoto.

"Nenda," akasema. "Lakini kocha asikuchezeshe zaidi ya dakika sita kwa mechi."

Akarudi chuoni, na mechi ya kwanza ya Novemba ikawa Jumamosi, saa tisa alasiri. Salvatory alimwingiza kipindi cha tatu. Dakika ya nne aliruka kugombea mpira, akasukumwa, akaangukia goti lile lile. Evalina alibaki chini, mkono juu ya kovu, akisikiliza. Hapakulia kitu. Akainuka, akamalizia dakika zake mbili.

Ndipo alipowaona nyuma ya benchi, wazee wawili waliovaa makoti kwenye joto la Mwanza. Baba alikuwa ameshika kofia kwa mikono yote miwili. Pembeni yake alikuwa Mzee Ndaki.

Mechi ilipokwisha akawaendea, jasho likimtiririka. Hakufikiri. Goti lilianza kujikunja lenyewe, kama lilivyozoea tangu utoto.

Magese akamdaka kiwiko. "Usipige."

Akamgeukia kaka yake. "Kaka, siku ile hospitali walikuwa wamemkataza. Nilimlazimisha mimi. Halafu akanifichia mbele ya mtaalamu, nami nikanyamaza. Ng'ombe wangu akiteguka nampumzisha msimu mzima. Mwanangu nilimpa wiki tatu."

Mzee Ndaki akakunja shingo, akamtazama Evalina kule juu alikokuwa, na yeye mkubwa ndiye aliyeanza.

"Mwadila, mwanangu. Mhola?"

"Mhola, baba."

Akauliza za mguu. Akauliza za chuo, za safari, za wenzake wa timu. Evalina alimwitikia zote akiwa wima, machozi yakichanganyika na jasho, na baba hakumwachia kiwiko mpaka walipofika kwenye salamu za ng'ombe.