Kiboko Mkononi mwa Saisi

Saisi mmoja wa Nanyuki, aliyetunza farasi tangu wazungu wauze mashamba, hakuwahi kushika fimbo. Kila asubuhi alimsugua farasi kwa gunia kuukuu huku akimnong'oneza, kama mtu anayembembeleza mgonjwa anywe uji, na vidole vyake vilivyopinda vilitafuta kupe nyuma ya masikio bila yeye kutazama. Basi Warigia, aliyemmiliki farasi huyo kwa ubia na Ramila wa duka la vitambaa, aliduwaa Jumapili ile alipotoka kanisani. Saisi alikuwa anamchapa farasi kiboko, naye farasi ametota jasho, tumbo limefura kama ngoma.

"Wewe! Unamuua!"

"Akilala atajiviringisha, matumbo ijisokote, akufe. Lazima atembee. Mama wa duka alimwachia debe ya mahindi alfajiri. Na wewe ukamwachia yako ukienda kanisa."

Warigia akalitazama debe lake tupu. Kwao hakuna aendaye kumwona mtu mikono mitupu.

Farasi akapiga magoti tena. Saisi akainua kiboko, mkono ukashuka bila kupiga. Akamnyooshea Warigia kile kiboko.

"Shika, mama. Mkono yangu imekataa."